Mbwa Mdogo na Hatari za Mtaani

Mbwa mdogo anayetembezwa mtaani humgundua mgeni kabla ya mtu aliyeshika kamba. Hakuna uaguzi katika jambo hilo. Pua na masikio yake hupata habari mapema, na mwili wake huitoa habari hiyo nje wakati binadamu bado hajaona wala kusikia kitu. Lakini habari yenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyodhani: kuna kitu hapa ambacho hakikuwapo jana. Kama kitu hicho ni kibaka, ni nyoka, au ni fundi bomba anayetafuta namba ya nyumba, mbwa hana namna ya kusema, na mara nyingi hana namna ya kujua.

Kata ya Wazo, katika Manispaa ya Kinondoni, inafaa kuwa mfano. Kilima cha Wazo ndicho chenye mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji cha Twiga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Kuzunguka kilima hicho, Salasala, Madale na Mivumoni zilikuwa mashamba katika kumbukumbu za watu wazima wa leo. Sasa ni makazi, ila makazi ambayo hayajajaa. Nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma hupakana na pagale lisiloezekwa, pagale hupakana na kiwanja kilichoota majani hadi kiunoni, na nyuma ya kiwanja kuna korongo lililochimbwa na mvua za masika. Kwa mbwa mwenye kimo cha sentimita 25 au 30 begani, kila mpaka wa namna hiyo ni badiliko la harufu na la sauti.

Kumtembeza mbwa si desturi ya wengi. Mbwa wa Dar es Salaam kwa kawaida hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde uani. Anayeonekana na mbwa wa kamba saa 12 asubuhi mara nyingi ni kijana wa kazi, si mwenye mbwa, jambo ambalo lina uzito wake kama itakavyoonekana. Dini nayo ina nafasi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda na wa kuwinda wameruhusiwa, na wasasi wa Unguja wamefuga mbwa wao vizazi hata vizazi, lakini kambwa kanakorukia watu njiani ni shauri jingine. Kwa hiyo mpita njia huvuka upande wa pili, hukusanya kanzu au khanga yake, husimama akitazama, pengine huinama kama anayeokota jiwe. Mtu huyo anajilinda tu. Machoni pa mbwa, hata hivyo, kiumbe kilichokuwa kikitembea kikasimama ghafla na kumkazia macho ni kiumbe cha kutiliwa shaka.

Pua ndiyo hutangulia. Vipokezi vya harufu katika pua ya mbwa hukadiriwa kuwa kati ya milioni 125 na milioni 300 kulingana na aina ya mbwa, ilhali binadamu ana milioni 5 au 6. Mbwa mdogo huangukia upande wa chini wa makadirio hayo na bado anamwacha binadamu mbali mno. Umbo la pua nalo lina kazi kubwa. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba hewa inayoingia puani mwa mbwa hugawanyika: nyingi huenda mapafuni, na sehemu ndogo, karibu asilimia 12, hupelekwa kwenye chumba cha nyuma kilichotengwa kwa kunusa, ambako hukaa bila kufagiliwa na pumzi inayotoka. Pumzi inayotoka nayo hupitia mipasuko ya pembeni ya pua, ikavuma kuelekea nyuma badala ya kuitawanya harufu iliyo mbele. Mbwa anaponusa kwa bidii, pua huvuta hewa mara 5 hivi kwa sekunde.

Anachokipata humo si harufu tu bali pia mpangilio wake kwa wakati. Peter Hepper na Deborah Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapima mbwa waliofundishwa kufuata nyayo, wakakuta kwamba hatua 5 za mtu zinatosha kumwonyesha mbwa mtu huyo ameelekea wapi. Tofauti kati ya unyayo wa kwanza na wa tano ni sekunde chache mno, lakini harufu ya ule wa mwisho ni mbichi kidogo kuliko ile ya ule wa kwanza, na pua huipata tofauti hiyo. Si kila mbwa wa nyumbani ana ufundi huo bila mafunzo. Uwezo wa mwili, hata hivyo, ni uleule, na ndio unaoeleza kwa nini kambwa husita mbele ya mlango wa pagale ambapo haonekani mtu: mtu alipita, aliingia, na hajatoka.

Upepo ndio huamua habari hizo zifike lini. Kusi na kaskazi zote mbili huvuma Wazo kutoka upande wa baharini, na vivyo hivyo upepo wa mchana katika siku nyingi za mwaka. Anayepanda kutoka Tegeta kwenda Madale anakwenda na upepo mgongoni au ubavuni, na mbwa wake anapata zaidi harufu za walioko nyuma kuliko za walioko mbele. Anaporudi, upepo unampiga usoni, na mbwa huweza kumjua mtu aliye nyuma ya kona kabla kona haijafikiwa. Asubuhi mapema upepo huwa hafifu au hutoka bara, hewa iliyo karibu na ardhi ina unyevu, na harufu hulala chini kama ilivyoachwa usiku. Saa 8 mchana mambo hugeuka: ardhi iliyochemka hupandisha hewa juu, harufu hutawanyika, na mbwa mwenyewe anahema mdomo wazi ili apoe. Mbwa anayehema hanusi vizuri. Kwa hiyo kumtegemea mbwa kama mlinzi katika matembezi ya jua kali ni kumtegemea mlinzi aliyezibwa pua, mbali na kwamba lami humuunguza nyayo.

Masikio huja baada ya pua, au kabla yake pale upepo unapokataa. Binadamu kijana husikia sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika karibu 45,000. Henry Heffner, aliyepima jambo hili Marekani mwaka 1983, aliweka katika jaribio lake chihuahua pamoja na Saint Bernard, akakuta kwamba ukubwa wa mwili hauleti tofauti ya maana katika sauti za juu. Chihuahua wa kilo 2 hapungukiwi kitu. Katika kiwanja chenye majani makavu, panya wanaoitana kwa sauti zisizofika sikioni mwa mtu, bawaba ya geti iliyo mita nyingi mbele, au tumbo la kitu kinachojikokota juu ya majani, vyote ni habari za wazi kwake. Katika sauti nzito, kama ngurumo ya lori la saruji, mbwa hana ubora wa kutaja juu ya binadamu.

Macho hayahitaji maneno mengi. Mbwa huona bluu na njano vizuri, nyekundu hufifia ikawa kama kahawia, na vitu vilivyotulia mbali humchanganya. Lakini kitu kinachosogea hukiona upesi, na giza la mtaa usio na taa humsumbua kidogo kuliko linavyomsumbua mtu, kwa sababu nyuma ya mboni yake kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili. Huo ndio hung'aa kijani anapomulikwa na tochi.

Habari ikishaingia, mwili huitoa kwa utaratibu ambao mtu makini anaweza kuusoma, na kubweka huja mwishoni, si mwanzoni. Ishara ya kwanza mara nyingi ni mdomo kufumba. Mbwa aliyekuwa akihema kwa joto hufunga mdomo ghafla, kwa sababu anataka kunusa na kusikiliza. Ishara hiyo hudumu sekunde moja au mbili, nayo hupotea bure kwa kila mtembezaji anayetazama simu. Hufuata masikio kuelekezwa upande mmoja, kisha mguu mmoja wa mbele kubaki hewani, kisha uzito wa mwili kuhamia mbele au nyuma. Kuhamia mbele ni kutaka kujua au kukabili. Kuhamia nyuma, mkia ukashuka na masikio yakalazwa, ni woga. Nywele za mgongoni zikisimama, maana yake ni kwamba mbwa amesisimka tu: husimama kwa hasira, kwa hofu na hata kwa mchezo, kama malaika ya mtu yasivyotofautisha baridi na habari ya kutisha. Mkia nao hudanganya wengi. Mbwa anayetikisa mkia si lazima awe amefurahi. Watafiti wa Italia, akina Angelo Quaranta na Giorgio Vallortigara, walionyesha mwaka 2007 kwamba mkia huegemea zaidi kulia mbwa anapomwona bwana wake, na kushoto anapomwona mbwa mgeni mwenye ubabe. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho la kawaida, lakini inathibitisha kwamba kutikisa ni kimoja na maana zake ni mbili.

Jaribio jingine la Chuo Kikuu cha Bari, la Marcello Siniscalchi na wenzake mwaka 2011, linagusa kiini cha mada hii. Mbwa walipewa harufu mbalimbali, na watafiti wakaangalia wananusa kwa tundu lipi la pua. Harufu ngeni zisizo na ubaya, kama ya limao au chakula, zilinuswa kwanza kwa tundu la kulia, kisha, mbwa walipozizoea, kwa la kushoto. Jasho la daktari wa mifugo na homoni ya adrenalini ziliendelea kunuswa kwa la kulia hadi mwisho. Kwa maneno mengine, mwanzoni ugeni na ubaya hupokewa kwa namna moja, na ni mazoea tu yanayokuja kuvitenganisha.

Wanyama wanaofundishwa kutambua hatari wanaeleza jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa huko Usa River, karibu na Arusha, wanuse pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo ya bandarini na viwanja vya ndege. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya huyo hajui kwamba bomu linaua. Anajua kwamba harufu fulani huleta ndizi. Maana ya "hatari" imewekwa na mwalimu kwa miezi mingi ya kazi, na bila mwalimu harufu ya bomu ni harufu tu miongoni mwa nyingine. Mbwa mdogo wa Madale hakupata mwalimu wa namna hiyo. Alichopata ni utoto wake.

Na utoto huo ndio huamua abwekee nani. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mamia ya mbwa huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walitaja wiki ya 3 hadi ya 12 kuwa muda ambao kitoto cha mbwa huamua ni viumbe gani ni vya kawaida duniani. Kilichokutana na watu wengi, watoto, baiskeli na mbuzi katika muda huo hukua kikivichukulia kama mandhari. Sasa kitoto cha mbwa mdogo huko Salasala, kwa kuwa ni cha bei na huogopwa kuibwa, hukaa ndani ya ukuta na watu watatu au wanne hadi kinapokuwa kikubwa. Siku kinapotolewa nje, dunia nzima ni ugeni: mwenye mkokoteni wa maji, bibi mwenye bakora, kijana anayekusanya vyuma chakavu akiwa na gunia begani. Mbwa huwabwekea hao kwa ukali kuliko anavyombwekea mtu mnadhifu anayefanana na bwana wake. Hapo kuna kosa ambalo wenye nyumba hulifanya mara nyingi, la kuchukua kelele za mbwa kama ushahidi dhidi ya mpita njia. Kibaka mwenye uso unaojulikana mtaani, anayepita kila siku na kumrushia mbwa kipande cha mkate, hubwekewa kidogo kuliko fundi mwaminifu anayekuja mara ya kwanza.

Sauti yenyewe ya kubweka ina habari ndani yake. Péter Pongrácz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, waliwasikilizisha watu sauti za mbwa zilizorekodiwa, na hata wasiowahi kufuga mbwa waliweza kukisia hali iliyozalisha kila sauti kwa usahihi unaopita bahati nasibu. Anayembwekea mgeni hutoa sauti nzito, ya kukwaruza, yenye vituo vifupi. Aliyeachwa peke yake hutoa sauti nyembamba yenye nafasi katikati. Kwa mbwa mdogo yote huwa ya juu zaidi, hivyo mtu humzoea mbwa wake mwenyewe na kulinganisha sauti ya leo na zake za kila siku, si na za mbwa wa jirani.

Habari hupita pia upande wa pili wa kamba. Biagio D'Aniello na wenzake wa Napoli walichapisha mwaka 2018 jaribio ambamo mbwa walinusishwa jasho la watu waliotazama filamu za kutisha na la waliotazama za kufurahisha. Mbwa waliopata jasho la hofu mapigo ya moyo wao yalipanda, wakawakimbilia zaidi bwana zao na kumkaribia mgeni kidogo kuliko wenzao. Kijana wa kazi anayemwogopa mbwa wa jirani, au anayeogopa kumpoteza mbwa wa bosi, hupeleka hofu hiyo chini kwa njia ya harufu na kwa kamba iliyokazwa, na mbwa huirudisha juu kama tahadhari. Kisha kijana huiona tahadhari, na kuamini kwamba kweli kuna jambo. Hata wataalamu hawajaepuka mzunguko huu. Lisa Lit wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwapima mwaka 2011 mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na milipuko pamoja na waongozaji wao, katika jengo ambalo halikuwa na kitu chochote cha kutafutwa. Ishara za uongo zilipatikana kwa wingi, hasa pale ambapo karatasi nyekundu ilimfanya mwongozaji adhani kuna kitu.

Zipo hatari ambazo mbwa mdogo hazipati kabisa, na mojawapo iko katika majani ya Wazo. Nyoka wengi humgutua mbwa kwa harufu na mchakacho. Kifutu hafanyi hivyo. Hulala kimya siku nzima akingoja panya, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2015 kwamba mbwa waliofundishwa waliweza kulinusa gamba alilojivua kifutu lakini si kifutu mwenyewe aliye hai. Harufu yake haimfikii mbwa. Mbwa anayeingiza pua majanini kwa raha, mkia juu, huenda anaingia moja kwa moja kwenye meno ya nyoka huyo, na kwa uzito wa kilo 4 sumu humlemea upesi. Swila ni kinyume chake: hugunduliwa, hubwekewa, na hapo ndipo hutema sumu machoni kwa umbali unaozidi mita 2. Macho hayo huoshwa mara moja kwa maji mengi safi, kisha daktari wa mifugo hutafutwa. Kamba fupi na njia ya katikati ya barabara hufanya kazi kubwa kuliko pua katika masika, majani yanapokuwa marefu.

Tetemeko la ardhi hutajwa mara kwa mara katika mazungumzo ya aina hii. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6, lililotokea baharini kusini mashariki mwa jiji, lilisikika Dar es Salaam yote. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko husafiri haraka na huwa dhaifu. Ya pili, yanayotikisa vyombo kabatini, huja nyuma yao, na kwa umbali wa kilomita 80 hivi tofauti hufika sekunde 10. Mbwa anaweza kuyahisi ya kwanza, na mwenye nyumba akasema mbwa wake alitabiri. Kwamba wanyama hujua siku kadhaa kabla ni dai jingine: wanasayansi wa kituo cha GFZ, Potsdam, waliopitia ripoti zaidi ya 700 za namna hiyo mwaka 2018, hawakupata ushahidi wa kuaminika.

Hatari iliyo ya kawaida kuliko zote ni mbwa mwingine. Mbwa koko wanaozurura jalalani huwa na mipaka yao, na kambwa kanakovutwa kwa kamba hakawezi kukimbia wala kuzunguka, kwa hiyo hubweka kwa woga na kuwachokoza zaidi. Mtembezaji hugeuka taratibu bila kukimbia, akimweka mbwa upande wa pili wa mwili wake. Kuinama tu kama anayetafuta jiwe huwarudisha nyuma mbwa wengi wa mtaani, ambao wanaijua ishara hiyo tangu utotoni.

Nyuma ya ugomvi wa mbwa kuna kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 na Sarah Cleaveland na wenzake yalionyesha kwamba ugonjwa huo huenda ukaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania, wengi wao watoto, na wagonjwa karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa huanza kuwa na virusi mateni siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili, hivyo mbwa aliyeng'ata hachukuliwi kuwa salama kwa sababu tu anaonekana mtulivu. Jeraha la mtu huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, kwa kuwa dalili zikishaanza tiba haipo. Mbwa mwenyewe huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na cheti chake huhifadhiwa nyumbani, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza anachouliza afisa mifugo wa kata pale mtu anapong'atwa.